Mpaka Likorome

Watu wa bwawani wana lugha yao, na usipoizoea utadhani wamerukwa na akili. Mgeni akisikia mtu anasema leo tunafungua mpaka likorome, atageuka kutafuta nani amelala. Hakuna aliyelala. Wanazungumzia geti la chini, na kwa kweli si geti linalokoroma, ni bomba la hewa. Kama huelewi, vumilia kidogo, maana bila kulielewa bomba hilo huwezi kuelewa kilichompata Masikio na mdogo wake.

Iko hivi. Chini ya ukuta wa bwawa kuna handaki la kutolea maji. Ndani ya handaki, karibu na mwanzo wake, limesimama geti: bamba la chuma zito kuliko lori, linaloinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Ukiliinua kidogo tu, maji yanasukumana kupita pale chini kwa kasi ya kutisha. Na maji yakikimbia namna ile hayakimbii peke yake, yanaburuta hewa. Hewa hiyo yasipopewa, yataitafuta yenyewe, na hayabishi hodi. Kwa hiyo wajenzi waliweka bomba nene, mtu mzima anaweza kupita ndani yake akijikunja, kuanzia nyuma tu ya geti, kupanda ndani ya mwamba hadi juu, mdomo wake ukatokeza nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Geti likifunguliwa, bomba linavuta pumzi. Nguo zilizoanikwa karibu zinainuka kuelekea kwake, na kuku wa pale wote wanajua kupita mbali.

Na linatoa sauti. Ukifungua kiasi cha kidole, linanong'ona. Ukizidisha, linapiga mluzi. Ukifika robo, linakoroma, mkoromo mzito wa mwanamume aliyeshiba. Ukipita hapo linanguruma, lakini wengi wamehadithiwa tu ngurumo hiyo, maana ni mara chache mno mtu kuwa na sababu ya kufika huko.

Masikio ndiye aliyekuwa mwendesha geti, tena mwanamke. Jina hilo alipewa na wenzake wa kazini, naye alilivaa kama medali. Kazi ile aliirithi kwa marehemu baba yake, na baba alimfundisha kufungua geti akiwa amekipa mgongo kipimo cha ukutani. Kipimo kile kilikuwa na mshale wa kuonyesha geti limeinuka kiasi gani, na kwa miaka mingi mshale ule ulikuwa ukiganda mahali pamoja, halafu unaruka ghafla kama umefinywa. Wakakiita Mwongo. Basi ikawa desturi ya kituo: dirisha wazi, mgongo kwa Mwongo, sikio kwa bomba. Masikio alikuwa bingwa wa hilo. Alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kuinua geti huku amefumba macho, akiacha mahali pale pale palipotakiwa.

Mhandisi, aliyekuwa ndiye mkuu wa kituo, alikuwa mgeni, kijana mpole mwenye kusema samahani kabla ya kila sentensi. Wakati wa kiangazi alikifungua kile kipimo, akabadilisha waya na vyuma vya ndani, akakijaribu, kikawa kinasema kweli. Aliwaita wote akawaonyesha. Walimpongeza, wakamshukuru, wakarudi kazini wakaendelea kukiita Mwongo. Jina lilikuwa limeshika, na hakuna aliyejisumbua kulibandua.

Sasa, mwaka huo Masikio alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kumuuliza. Mtoto mwenyewe alikuwa wa usingizi mwepesi, kijiko kikianguka jikoni anaruka. Mume alikuwa dereva wa masafa marefu, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo mama yake Masikio alikuja kukaa naye amsaidie kulea. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa jirani zaidi na mdomo wa bomba. Kiangazi chote geti lilikuwa limefungwa, bomba kimya, mtoto akalala vizuri. Lakini kila jioni Masikio alikuwa na wimbo mmoja: mvua zikija nitalazimika kufungua, bomba litapiga kelele, na mwanangu atalala wapi?

Mdogo wake alikuwa akimsikiliza. Huyu ndiye fundi wa kuchomelea wa kituo, watu walimwita Cheche. Ndugu hawa walikuwa wawili tu kwa mama yao, na Cheche alimpenda dada yake kwa namna ya watu wasiojua kusema, wanaojua kutengeneza. Dada akitamani rafu, kesho rafu ipo. Akilalamika mlango unalia, kesho haulii tena. Na mjomba yule alikuwa kama mwendawazimu kwa yule mtoto. Alikuwa akinawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kumshika.

Basi siku moja Masikio alipompeleka mtoto kliniki, Cheche alichukua bamba la chuma, akalipandisha nyuma ya nyumba kwa toroli, akalilaza juu ya mdomo wa bomba na kulishika kwa kulichomelea sehemu chache pembezoni. Mama yao alimshikia bamba lisiteleze, wakicheka kama watoto wanaoficha kitu. Cheche hakuwa mjinga, msimdhanie hivyo. Alijua bomba lina kazi, na alijua dada yake anafungua geti kwa kusikiliza. Kwa hiyo katikati ya bamba alitoboa tundu la kupita mkono. Alijiambia hewa itapita hapo, kelele itapungua, na sauti kidogo itabaki ya dada kusikia. Masikio hakuwa na kawaida ya kuzunguka huko nyuma, na Cheche alitaka amwambie mvua zikija, amwone uso atakavyofurahi. Kwa akili ya jikoni hesabu hiyo ilikuwa nzuri kabisa. Kwa akili ya handaki ilikuwa msiba uliofungwa vizuri ukawekwa rafuni.

Asubuhi moja habari zikaja kwamba huko juu mto umefura usiku kucha. Mhandisi akaamua bwawa lishushwe kabla maji hayo hayajafika, akaja nyumba ya mitambo, Masikio anakoendeshea geti, akasema samahani, akaomba geti lifunguliwe robo. Masikio akajibu kwamba sawa, mpaka likorome. Mhandisi alitabasamu bila raha akaenda kutazama ukuta.

Ilikuwa kawaida kwamba geti likifunguliwa mara ya kwanza baada ya kiangazi, mtu mmoja hushuka chumba cha geti kuangalia kama pale nguzo ya chuma inayoinua geti inapopenya kuingia chumbani hapavuji. Chumba hicho kiko chini kabisa, ndani ya zege isipokuwa ukuta mmoja wa chuma ulio upande wa geti, na unafika kwa ngazi ndefu zenye unyevu. Kina taa ya umeme na simu ya waya ya kuzungumza na nyumba ya mitambo. Kwenye sakafu kuna tundu la kumwagia maji yanayovuja, nalo linaishia ndani ya handaki, nyuma ya geti. Kina mlango mmoja wa chuma, unaosukumwa kutoka ndani kuelekea kwenye ngazi. Aliyeshuka siku hiyo alikuwa Cheche, kwa sababu ngazi ya ndani ya chumba ilikuwa imelegea na alitaka kuiangalia.

Alipopita nyumba ya mitambo alimuuliza dada yake kama mtoto amelala. Masikio akamwambia amelala, lakini subiri uone, nikifungua hili dude hapa chini ataamka na mtaa mzima utajua. Cheche alicheka, cheko la mtu mwenye siri tamu, akamwambia dada wewe fungua tu. Akashuka na tochi yake.

Masikio akafungua dirisha. Akageuza mgongo. Akabonyeza kitufe cha kuinua, pampu ya mafuta ikaunguruma, na baada ya muda mfupi, kule juu mlimani, bomba likanong'ona. Vizuri. Akaendelea kubonyeza, mnong'ono ukawa mluzi. Vizuri pia. Akasubiri mluzi unenepe, maana ndivyo unavyofanya kabla ya kugeuka mkoromo: unakuwa mzito, unashuka, unaanza kukatika katika. Haukunenepa. Ulibaki mwembamba, na badala ya kushuka ukazidi kupanda, mkali, kama birika linaloomba litolewe jikoni.

Alishangaa kidogo. Akajiambia labda ni unyevu wa asubuhi, labda bomba limejaa majani ya kiangazi. Akaendelea kubonyeza.

Simu ikalia. Alikuwa Cheche, akasema hapavuji, nguzo ni kavu, ila masikio yake yameziba kama mtu anayeshuka mlima kwa gari. Masikio akamcheka, akamwambia hayo ni mafua ya kulala dirisha wazi, anywe chai ya moto akipanda. Cheche naye akacheka, akasema lile tundu la sakafuni leo linafyonza kama mtoto wa dada, limeshamlia kitambaa cha kufutia mikono. Wakakata simu. Ni yale maneno ya ndugu, ya kila siku, na Masikio aliyarudia kichwani baadaye mara nyingi.

Mluzi ukaendelea kupanda. Chini ya miguu yake sakafu ikaanza kugonga. Si kutetemeka kule alikokuzoea, ilikuwa ni kugonga, kwa mapigo, kama kuna mtu huko chini anayetaka kutoka. Mkono ukalegea kwenye kitufe.

Hapo ndipo Mhandisi alipoingia. Alikitazama kipimo ukutani, akakodoa macho, akasema samahani, mama, lakini geti limepita nusu.

Masikio alikuwa amekipa kipimo mgongo. Hakugeuka. Alimjibu kwamba huyo ni Mwongo, na bomba bado halijakoroma, na yeye amefungua geti hili tangu Mhandisi akiwa anajifunza kufunga kamba za viatu. Alilisema kwa utani, lakini utani wenye meno. Mhandisi akasema nilikitengeneza, kinasema kweli. Masikio akasema sawa, baba, tutaona. Na kwa sababu kijana yule alikuwa amesimama pale anamtazama, kwa sababu hiyo tu na si nyingine, mkono uliokuwa umelegea ukabonyeza tena.

Tusimpambe. Alikuwa amesikia. Mwanamke yule alikuwa na sikio la kutofautisha magari ya kituo yakiwa bado nyuma ya kilima, na sikio hilo lilikuwa limemwambia wazi kwamba mluzi ule si wa bomba lake, kwamba kuna kitu, simamisha. Alilisikia, akalinyamazisha. Aliona aibu ya kusimamisha mbele ya mgeni ingekuwa nzito kuliko kubonyeza kidogo tena.

Simu ikalia tena. Safari hii Cheche hakucheka.

"Dada, mlango haufunguki."

Akamwambia sukuma kwa bega. Akasema amesukuma, amepiga teke, ni kama kuna watu kumi upande wa pili wanaushikilia. Sauti yake ilikuwa ya mbali, na nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine, ya kufyonza, ndefu isiyovuta pumzi, na juu yake milio ya vitu vinavyopasuka mfululizo, kama kokoto zinazotupwa kwenye bati. Masikio alizijua kokoto zile kwa kuhadithiwa. Maji yakinyimwa hewa yanazaa mapovu matupu, na mapovu yale yakipasuka yanatafuna chuma na zege.

"Dada, nisikilize. Kuna kitu sijakwambia. Lile bomba la juu nimeliziba."

Masikio aliikandamiza simu sikioni.

"Nimeweka bamba. Kwa ajili ya mtoto. Nilikuachia tundu, usikie."

Kwanza hakuelewa, halafu akaelewa kila kitu mara moja. Mluzi mwembamba ulikuwa mluzi wa tundu la ngumi. Handaki lilikuwa linaomba hewa kwa mdomo mzima na limepewa tundu la kupumulia kwa shida. Kilichokosekana lilikuwa linakinyonya kwenye tundu lingine lililolipata, lile la sakafuni, chumbani kwa mdogo wake. Chumba kile kilikuwa kinafyonzwa hewa, na uzito wa hewa ya nje ndio ulioubana mlango. Aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikitazama kipimo geti likiwa wazi. Mshale ulikuwa umetulia tuli, mbali, mbali sana kupita nusu.

Alibonyeza kushusha. Geti lilikwenda kidogo, likakwama, likatikisika mpaka vioo vya dirisha vikalia, likaenda tena. Lilikuwa linavutwa na kusukumwa, linaruka kwenye reli zake, na mafuta ya pampu hayakuweza kulituliza. Hata siku njema kulifunga kunachukua muda wa kunywa chai ukamaliza. Alimwambia Mhandisi kilichotokea kwa maneno machache yasiyo na mpangilio, na kijana yule, tumpe haki yake, hakuuliza hata swali moja. Alichomoa mtaimbo na nyundo kubwa kwenye pembe ya chumba akatoka mbio kupanda mlima.

Masikio akabaki na kitufe kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Alimwambia mdogo wake azibe lile tundu la sakafuni. Cheche akasema ameshavua ovaroli lake, analishindilia. Akasikia anapumua kwa nguvu. Akasikia kitu kinachanika. Akamwambia usiweke mkono pale, unanisikia, tumia guu la ngazi, tumia chochote, usiweke mkono. Cheche akasema ukuta wa chuma wa upande wa geti umeanza kuvimba kuja kwake, na bolti moja imeruka. Alilisema kwa utulivu wa ajabu, kama fundi anayemweleza mteja kilichoharibika.

"Masikio yananiuma, dada. Yananiuma sana."

Halafu akapiga ukelele, mfupi, kama mtu aliyechomwa na sindano mbili kwa wakati mmoja. Simu ikaanguka, akaisikia ikigonga ukuta. Alimwita. Alimwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo watu wa kazini hawalijui, akaliita mpaka sauti ikakwaruza. Upande wa pili kokoto tu zilikuwa zinajibu.

Kule mlimani Mhandisi alimkuta mama yao akiwa tayari amesimama nje, mtoto amembeba kifuani, anatazama lile bamba linavyolia. Hakuwa anaelewa kitu ila alikuwa na hofu. Kijana alimpigia kelele kwamba Cheche amenaswa chini kwa sababu ya bamba hilo, aende mbali, mbali kabisa, na amshike mtoto vizuri. Akapiga sehemu zilizochomelewa kwa nyundo. Zilikatika upesi, Cheche hakuwa amezichomelea za kudumu. Lakini bamba halikunyanyuka. Lilikuwa limenyonywa kwenye mdomo wa bomba kama limezaliwa hapo. Akachomeka ncha ya mtaimbo pembeni, akaning'inia kwa uzito wake wote, mguu wake ukateleza. Hapo mama wa watu, ambaye magoti yake hayakuwa na nguvu hata ya kupanda ngazi ya nyumba, alimlaza mtoto kwenye nyasi mbali, akarudi mbio, akaushika mtaimbo naye. Alikuwa ameushika upande mmoja wa bamba lile alipokuwa akicheka, na sasa alijua anachokinyanyua.

Ufa ukapatikana, hautoshi hata ganda la muhogo kupita. Ulitosha kuvunja ule mnyonyo, wakalitelezesha bamba pembeni.

Masikio alisikia yote dirishani. Kwanza mluzi ulikatika. Halafu mlima ukafungua kinywa, ikaja ngurumo ambayo hakuwahi kuisikia tangu azaliwe, ngurumo ya geti lililo wazi kupita kiasi likipata hewa kwa pupa. Karatasi mezani zilisogea zenyewe. Na kwa kuwa alikuwa alivyo, kwa kuwa sikio lake lilijua kupima hata pale ambapo moyo haukutaka, ngurumo ile ilimwambia kwa usahihi alikuwa amefungua kiasi gani. Alilia huku amebonyeza kitufe, na geti, likiwa limepata pumzi, likashuka laini kama siku yoyote.

Lilipogusa chini alikimbilia ngazi. Mlango wa chini ulifunguka kwa kidole. Maji yalikuwa yamefika magotini, yanaingia kupitia mpasuko wa ukuta uliobonyea kama bati la mkebe. Cheche alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ndani iliyolegea, amejikunja, fulana tu mwilini, vidole vimechubuka. Damu ilikuwa imeshuka kutoka masikioni pande zote mbili hadi shingoni. Alikuwa hai. Alimwona dada yake akiwa mlangoni, akaona mdomo wake unafunguka na kufunga, akatikisa kichwa.

"Sikusikii," akasema, kwa sauti kubwa mno.

Hospitali walimlaza. Daktari alisema ngoma za masikio zote mbili zimepasuka, na ndani zaidi kuna kilichojeruhiwa ambacho hakishonwi. Huenda moja likarudi kidogo. La pili asilitegemee. Fundi wa kuchomelea anaweza kufanya kazi bila kusikia, akasema, na wote wakamtazama daktari yule kama ametukana.

Mhandisi alikuja na maswali, kwa sababu lazima yaulizwe, akamwandikia Cheche kwenye karatasi. Cheche hakumwacha amalize kuandika. Alisema kwa ile sauti yake mpya isiyojipima, wodi nzima ikageuka, kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyeziba bomba, dada hakujua lolote, dada alifungua kama anavyofungua siku zote, mtu asimguse dada. Mhandisi alimtazama Masikio. Siku ile kijana huyo alikuwa amesimama nyuma ya Masikio, alikuwa ameona mkono uliolegea ukibonyeza tena. Alisema samahani, akakunja karatasi, akaondoka.

Mama yao alimfuata Masikio kwenye varanda. Alikuwa anamjua mtoto wake, alikuwa amemsoma usoni tangu siku ya kwanza. Akamwambia mwanangu, lililo moyoni mwako liache humo. Mdogo wako ameshapoteza masikio, usimwongezee. Anakuamini wewe kuliko anavyoniamini mimi. Utamwambia ili iweje? Masikio akasema hajui iweje. Alisema tu kwamba kila akimwona mdogo wake anamwomba msamaha, anajisikia mchafu.

Na kweli Cheche alikuwa akimwomba msamaha kila siku. Alikuwa akiushika mkono wake, akisema nisamehe dada, nilitaka tu mtoto alale, nimekuharibia kazi. Alisema hivyo tena alasiri ile, dirisha la wodi likiwa wazi na wagonjwa wengine wamesinzia.

Masikio akakaa kitandani kumkabili. Alimwambia kwa sauti, polepole, kwamba alisikia. Kwamba mluzi haukuwa sawa na alijua haukuwa sawa, kwamba sakafu iligonga akaisikia, na kwamba aliendelea kwa sababu aliona haya mbele ya mtu. Cheche alikuwa akiutazama mdomo wake, amekunja uso, anatabasamu kwa unyonge kama mtu asiyeshika kitu.

"Nini? Rudia."

Angeweza kuishia hapo. Angeweza kutikisa kichwa, amwambie hamna kitu, na wangekaa na hilo miaka yote. Badala yake aliinua kidole, akagusa sikio lake mwenyewe. Akatikisa kichwa kukubali. Akaligusa tena. Kisha akanyoosha kidole gumba hewani, akabonyeza kitufe ambacho hakikuwepo, akakishikilia chini, na hakukiachia.

Cheche alikitazama kidole kile. Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Halafu akautoa mkono wake kwenye mkono wa dada yake, taratibu, bila hasira, akauweka juu ya shuka upande wake.